Mashine ya Soda Pale Mapokezi

Mbele yangu kwenye basi walikaa mlinzi aliyeshika bahasha yenye barua ya kuacha kazi, na dada yake anayefanya usafi hospitalini. "Dada, nikiweka mashine ya kuuzia soda pale mapokezi kwenu, hela itaingia nimelala. Nimehesabu watu mia tatu asubuhi moja tu!"

"Siku gani?"

"Jumatano."

"Mdogo wangu, Jumatano ni kliniki ya sukari. Wote hao wamekatazwa soda."

Nikajifanya natazama dirishani, masikio nimeyaacha palepale.

"Basi nitauza maji."

"Maji ya bure yapo. Mimi ndiye ninayejaza."

Basi likasimama kazini kwa mlinzi. "Unashuka, hushuki?" kondakta akauliza. Mlinzi akainuka, akakaa, akainuka tena, bahasha imelowa jasho.