Sare za Kwenda Kiwandani

DEBORA: Haloo? Ni nani?

MZEE FAUSTINI: Baba yako. Hii simu ya Edward, msimamizi wa zamu hapa kiwandani. Yangu imezima chaji.

DEBORA: Shikamoo baba.

MZEE FAUSTINI: Marahaba. Mmeshaingia Morogoro?

DEBORA: Tuko... Gairo.

MZEE FAUSTINI: Gairo! Si ulisema mnatoka Dodoma alfajiri?

DEBORA: Ni sare, baba.

MZEE FAUSTINI: Sare gani tena?

DEBORA: Za kikundi. Mwenyekiti wetu, Mama Asma, kasema hatuendi kutembelea kiwanda cha nguo kila mtu na gauni lake. Asubuhi wengine hawajapiga pindo, gauni la Yasinta halina mkono mmoja—

MZEE FAUSTINI: Si ninyi ndio mafundi cherehani?

DEBORA: Ndiyo hapo sasa! Basi zima mafundi, na sare zetu wenyewe hazijaisha! Tumejifanyia vilevile tunavyowafanyia wateja.

MZEE FAUSTINI: Debora, saa sita—

DEBORA: Haloo? Unakatakata, baba.

MZEE FAUSTINI: Saa sita! Leo Jumamosi, saa sita wanazima mitambo yote wafanye usafi!

DEBORA: Najua.

MZEE FAUSTINI: Hujui! Ule mtambo wangu wa kufumia Jumatatu wanaung'oa, wanafunga mpya. Edward kaniombea niuendeshe leo, mara ya mwisho, wageni wangu wauone. Mzee mzima, mstaafu, nimevaa ovaroli.

DEBORA: Waombe wasubiri kidogo tu—

MZEE FAUSTINI: Nimeomba mpaka nimeona aibu. Kiwanda si cha baba yako!

DEBORA: [anacheka, anaacha] Ngoja, baba. [mbali na simu] Mama Asma! Jamani, acheni hivyo viazi, twende!

MZEE FAUSTINI: Viazi?

DEBORA: Wameshuka kununua. Gunia liko juu ya basi, lingine linapandishwa.

MZEE FAUSTINI: Kwani Morogoro hakuna viazi?

DEBORA: Eti vya Gairo ndio vyenyewe. Baba, nina hasira nataka kulia.

MZEE FAUSTINI: Usilie kwenye basi la watu.

DEBORA: Utoto wangu wote nimekaa Mpwapwa kwa bibi. Nikija likizo naishia getini hapo kiwandani, mlinzi ananipa muwa ninyamaze. Sijawahi hata siku moja—

MZEE FAUSTINI: Edward ananiita. Wanakaribia kuzima. Twende nawe hivyohivyo, usikate. [kelele za mitambo] Unasikia?

DEBORA: Nasikia makelele tu!

MZEE FAUSTINI: Hayo yote! Sasa nauwasha huu wangu... [mdundo wa haraka, wa karibu] Huo! Huo ndio wangu!

DEBORA: Nasikia, baba!

MZEE FAUSTINI: Uzi haujakatika hata mmoja! Mkono bado upo, Debora!

DEBORA: Endelea, baba, endelea—

[kelele zinakoma]

DEBORA: Haloo? Baba? Mtandao huo!

MZEE FAUSTINI: Mtandao upo. Wamezima.

DEBORA: Wameshazima!

MZEE FAUSTINI: Haya. Edward anataka simu yake. Mwambieni dereva asikimbize gari.

DEBORA: Baba, nisamehe. Labda wengine hawajatoka, labda upande mwingine wa kiwanda—

MZEE FAUSTINI: Kiwanda mtakiona tu, mama. Kipo. Mimi ndiye nilitaka unione.

DEBORA: Baba—

[simu inakatika]