Gamba la Konokono

"Miji hujengwa na wafalme," mwalimu wa historia alituambia sisi abiria wenzake kwenye treni, kwa sauti ya kusahihisha madaftari.

Mchimba visima aliyeketi mbele yake akatoa mfukoni gamba la konokono wa majini. "Hili nimelitoa jana, mita tisa chini ya shamba lisiloota hata jani. Hapo palikuwa na ziwa, mwalimu, na kando yake nyumba. Vigae vya vyungu nimeviona. Mvua zilipokatika, watu wakahama."

"Waliamriwa na mfalme wao, fundi!"

"Na yeye aliamriwa na nani, kama si kiu?"

Mwalimu alicheka, akasema hilo halimo kitabuni. Treni iliposimama walikuwa bado wanabishana, wamechangamka kama mashemeji. Tukashuka, na wa kwanza kufika kwenye bomba la stesheni alikuwa mwalimu.