Ndege Iliyozimika Hatua ya Kumi na Nne

Benchi lililo mbele ya duka la kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na kila mwenyeji anajua akalie upande gani. Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, lilikuwa limejaa. Kinyozi mwenyewe alikuwepo, yule wanayemwita Injinia kwa sababu hajawahi kukosa maelezo ya mashine yoyote. Alikuwepo Spika, mkodishaji wa vipaza sauti, mtu ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara. Shangazi, muuza kahawa, alikuwa kwenye kigoda chake, birika miguuni. Katikati yao alikaa Baridi, fundi wa majokofu, kompyuta yake iko juu ya stuli na waya umepita chini ya mlango wa kinyozi kwenda kunyonya umeme wa watu. Kwenye kioo cha kompyuta kilionekana chumba cha marubani cha ndege kubwa ya abiria: viti viwili, vitufe kama mia tatu, na giza tupu.

— Imekufa tena, alisema Baridi.

— Hatua ya ngapi? aliuliza Injinia.

— Ya kumi na nne. Kila siku ya kumi na nne!

Mchezo wenyewe wa kurusha ndege ulikuja na ndege ya bure, unabonyeza kitufe kimoja inapaa. Baridi hakuitaka. Alinunua nyingine kando, iliyotengenezwa na watu wasio na mzaha: kila swichi ya ndege ya kweli imo, kila taa imo, na kitabu chake kina kurasa mia sita. Ukiikuta imezimwa, uiwashe kama rubani anavyoiwasha, hatua kwa hatua. Aliichagua kwa sababu moja tu. Ni aina ile ile aliyokuwa akiiegesha baba yake.

Mzee alifanya kazi uwanja wa ndege miaka thelathini na moja. Ndiye aliyesimama mbele ya ndege na fimbo mbili nyekundu, akiiita isogee, isogee, mpaka isimame. Muda wote huo hakupanda hata moja. Alizoea kusema kwamba rubani anaona fimbo tu, aliyezishika hamjui. Majuma matatu yaliyopita Baridi alimwahidi: "Baba, nitakurusha mimi." Sasa magoti yamekataa ngazi za nyumba yao, na kesho dada mkubwa anakuja kumchukua akakae kwake, mbali. Kwa hiyo ni leo au basi. Mzee alikuwa amelala ghorofani, dirisha lake juu ya benchi, na saa kumi huwa anaamka.

— Chukua ile ya bure, alisema Spika. Mzee apae, apige makofi, yaishe.

— Ile ina injini nne. Yetu mbili. Ataona.

— Mtu wa miaka sabini na minane atahesabu injini?

— Spika, ukimwekea taa moja isiyo mahali pake atakaa kimya jioni nzima. Unamjua akinyamaza.

Wote walikuwa wanamjua. Shangazi akajaza vikombe.

— Mimi tatizo nimeshaliona, alisema Injinia. Unaona hicho kijicho cha kamera hapo juu? Ndege inakutazama. Inaona mikono yako, inaona kucha zako, inajisemea, huyu mbona fundi friji? Inajizima.

— Kwa hiyo nivae tai?

— Ungevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine.

— Wapi! Ni joto, alisema Spika. Angani kuna baridi, sivyo? Sasa ndege inahisi joto la hiyo kompyuta, inajua haijaenda popote, inaona hakuna haja ya kuwaka. Itie ndani ya friji.

— Halafu nitaionea wapi?

— Si wewe ndiye fundi? Toboa mlango!

— Mwacheni, alisema Shangazi. Hiyo imenuna. Majuma matatu mnaitukana hapa, na ninyi mngewaka?

Injinia akainama, akapunguza sauti.

— Niwaambie jambo. Mmewahi kuona tangazo la kazi ya urubani popote? Hamjaona. Wanachukuliwa humu humu. Ukifika hatua ya ishirini unapigiwa simu, unaambiwa njoo na begi.

— Basi Baridi ameshaanguka usaili! alisema Spika, na mwanamke ng'ambo ya barabara akageuka kutazama ni nani aliyeanguka.

Baridi alicheka kwa sababu wenzake walikuwa wanacheka. Moyoni alikuwa na aibu. Mtu anayefufua majokofu yaliyotupwa jalalani ameshindwa na ndege ya kwenye kioo, tena ahadi amempa baba yake mzazi. Kitabu alikuwa amekisoma chote. Hatua alikuwa amezinakili kwenye daftari kwa mkono wake. Akatazama saa, kisha akapeleka kidole kwenye picha ya ile ndege ya bure.

Ndipo wakasikia mkongojo kwenye ngazi. Baridi akainuka kukimbilia.

— Kaa hapo hapo! ilisema sauti ya Mzee. Nimezipanda mwenyewe, nitazishuka mwenyewe.

Alizishuka moja moja, zote ishirini na mbili, akatokea mlangoni anahema.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba. Nimesikia yote. Spika alikuwa ananong'ona.

Wakamwachia upande wa tofali, ulio imara. Mzee akaikazia macho kompyuta, akavitambua vitufe kimoja kimoja, na uso wake ukalainika.

— Ndiyo yenyewe hii, alisema. Haya, iwashe. Kila unachofanya ukitaje.

Baridi akafungua daftari.

— Betri, nimewasha. Umeme wa chini, ule unaoletwa na gari la uwanjani, nimeuomba, umekuja.

Taa zikawaka kioo kizima.

— Pampu za mafuta, nimewasha. Sasa injini ndogo ya mkiani, ndiyo itupe umeme wetu wenyewe...

Puu. Giza.

— Rudia, alisema Mzee.

Akarudia. Alipofika kwenye pampu, Mzee akamshika mkono.

— Hapo. Kidole kimebonyeza kitu, mdomo haukusema.

Baridi akakitazama kidole chake kana kwamba kimeletwa na mtu mwingine.

— Nimekata umeme wa chini. Lakini hiyo si hatua, baba, ni usalama tu. Kabla ya kugusa mashine unakata umeme.

Maneno hayo ameyaandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa karakana yake. Kwa miaka ishirini mkono wake umekata umeme kabla ya kugusa friji lolote, na haujawahi kumwomba ruhusa.

— Sawa, alisema Mzee. Nani alikupa ishara?

Injinia alifungua mdomo, akaufunga.

— Ule waya tunauchomoa sisi watu wa chini, alisema Mzee. Na hatuugusi mpaka injini ya mkiani ikubali, na ishara itolewe.

Akainua mikono juu ya kichwa, ncha za vidole vya kulia zikagusa kiganja cha kushoto, kisha akazivuta.

— Hii hapa. Betri peke yake haiziwezi taa zote hizi, ukichomoa mapema umewaacha wenzio gizani. Anza upya, na kidole chako kiningoje mimi.

Baridi akaanza upya. Betri. Umeme wa chini. Pampu. Injini ya mkiani ikanguruma polepole, ikapanda, ikatulia. Kidole kilikuwa kinamwasha, lakini alikizuia. Mzee akahesabu kimoyomoyo, akainua mikono, akatoa ishara. Baridi akakata. Taa hazikuzimika.

Spika alipiga yowe ambalo hata viziwi walilipata. Baada ya dakika kumi injini zote mbili kubwa zilikuwa zinazunguka.

— Haya, baba, alisema Baridi. Popote duniani. Nikupeleke wapi?

— Toka hapo ulipo, zunguka, urudi pale pale.

— Hatupai?

— Kupaa nilikuwa nakuona kila siku. Nataka nimwone anayeniegesha.

Baridi akaitoa ndege taratibu, akazunguka uwanja mzima, akarudi. Kwa mbali, kwenye mstari wa njano, alikuwa amesimama mtu mdogo mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, fimbo mbili juu, akiwaita wasogee. Mzee akainama mbele, mkongojo ukamwanguka, asiuokote. Kadiri walivyosogea, ndivyo yule mtu alivyozidi kuonekana: kofia, uso, hata viatu.

— Kumbe tunaonekana, alisema Mzee.

Yule mtu akazikutanisha fimbo zake, ndege ikasimama. Shangazi aliinua birika, akakuta halina kitu, akaliweka chini. Baridi hakungoja kuambiwa. Aliitoa ndege tena, akazunguka, akarudi.