Santuri ya Nassor na Vidole vya Hija

Mwaka ule wa sitini na mbili siasa iliishika Pemba kama homa. Ndugu hawasalimiani, maiti anazikwa na nusu ya mtaa, na mwenye duka anapima sukari kwanza kwa mtu wa chama chake. Kijiwe cha Jecha pale Tumbe, nyuma ya diko la kushushia samaki, kilinusurika kwa sharti moja tu alilotoa mwenyewe: atakayetaja chama hanywi kahawa. Na Mpemba ukishamnyima kahawa ya alasiri, umembakishia nini? Ikabidi watu watafute jambo jingine la kubishania. Mungu hamtupi mja wake, akawaletea Nassor, karudi kutoka Mombasa na mashine ya santuri inayokwenda kwa betri, na santuri moja ndogo ya vijana wa Ulaya wanaopiga gita za umeme.

Santuri walizozizoea watu wa Tumbe zilikuwa kubwa na nzito, za taarabu, ukiangusha moja umevunja sahani. Hii ya Nassor ilikuwa ndogo, nyepesi, na ikiwekwa tu, benchi zima linanyamaza. Vijana wanne, kelele za watu arobaini! Gita zinakwenda mbio kama mvua juu ya bati, na sauti nyembamba zinapaa juu yake hadi mtu anatazama mbinguni bila kujua anatafuta nini.

Aliyepagawa zaidi ni Hija. Huyu alikuwa mpiga gambusi, kile kinanda cha nyuzi cha harusini, baba yake alipiga, na babu yake alipiga. Tumbe, Shumba na Msuka hakuna aliyeoza binti bila kupeleka mtu kwao. Siku ya kwanza kuisikia santuri ile nywele zilimsimama, akamwomba Nassor airudie, kisha akamwomba tena, mpaka watu wakamcheka. Alimcha Mungu, lakini kwa muziki ule alisema moyoni kwamba hapa duniani kuna watu wamepewa zaidi. Na baada ya kustaajabu akaogopa, maana bwana harusi wa Moza, yule mjukuu wa kike wa Bi Kazija, alikuwa ameshatangaza kuwa kwenye harusi yake anataka mashine ya Nassor, hataki gambusi. Harusi moja ikishaingiwa na mashine, ya pili itaona haya kukaa bila mashine. Hija aliomba kitu kimoja tu: kama atauweza muziki wa wale vijana kwa gambusi lake, apewe nafasi yake. Bi Kazija akasema atakuja mwenyewe kusikiliza, na siku yenyewe ndiyo hiyo.

Basi Hija kakaa mwisho wa benchi, gambusi mapajani, vidole kavifunga vitambaa kwa vidonda. Wimbo wote keshaushika isipokuwa mahali pamoja katikati, gita linapokimbia peke yake. Hapo kila akijaribu anaachwa.

— Weka tena, yakhe, — alisema Khatib. Huyu alikuwa mchuuzi wa samaki wa baiskeli, na walimwita Hakimu kwa kuwa hakuwahi kushindwa hoja, hasa zile asizozijua.

Nassor akaweka. Wakasikiliza mpaka mwisho, vikombe mkononi.

— Subhanallah, — alisema Jecha, dele lake la kahawa likimpoa mkononi. — Ntu wa kawaida hawezi haya.

— Hawezi, — alisema Khatib. — Mie nshajua siri yake. Gita lile limeungwa waya wa stima. Ntu akishatia kidole, stima ndo yavuta. Yeye kazi yake ni kushika tu asianguke. Ndo wahenga wakasema, mchuma janga hula na wa kwao.

— Janga liko wapi hapo, Hakimu? — aliuliza Nassor.

— Limo ndani ya waya.

Jecha alitikisa kichwa. Yeye stima hakuiamini, aliamini majini.

— Nassor, wee si ulisema wasichana wa huko wakisikia wazimia?

— Baharia kanambia mwenyewe pale bandarini, — alisema Nassor. — Wazimia, wabebwa kwa machela. Wengine wavua viatu wawatupie.

— Hao hawazimii, wapandisha pepo! — Jecha aliweka dele chini apate mikono miwili ya kusemea. — Muziki huo una jini, na jini lenyewe la hapa kwetu. Sikilizeni. Karafuu yatoka Pemba, yapakiwa meli, yenda Ulaya. Ndani ya gunia jini lanusa karafuu, lalala. Gunia lafunguliwa huko, baridi tele, jini laamka, latafuta pa kujificha. Kumepita vijana wane.

Hoja ilikuwa nzito.

— Kwa hivyo muziki ni wetu, — alisema Khatib polepole.

— Wetu!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Khatib alipiga goti. — Nami nawaongezea. Zile sauti nyembamba si bure. Hao wafundishwa tangu tumboni. Mama mwenye mimba awekewa gita hapa tumboni, mwaka mzima.

— Mimba ya mwaka mzima? — aliuliza Jecha.

— Ulaya kuna baridi, ntoto hana haraka ya kutoka.

Hata Hija alicheka, na alikuwa na siku nyingi hajacheka. Lakini macho yake hayakuondoka kwenye mashine. Jini au stima, kwake yeye ilikuwa moja. Kuna mkono wa binadamu mahali fulani unaopita pale asipopita yeye, na mkono huo aliupenda na kuuonea wivu kwa pamoja.

Bi Kazija akatokea njiani, kajifunga buibui, mkono mmoja kashika pakacha. Wote wakainuka.

— Shikamoo, Bi Kazija.

— Marahaba, wanangu. Kaeni. — Mwenyewe hakukaa, alisimama kando ya njia. — Hija, Ijumaa ndo harusi. Bwana harusi ataka mashine, na mie sitaki kumuudhi kwa siku yake. Lakini babaako ndo alonipigia mie siku ya harusi yangu nikitolewa. Haya, n'sikie.

Nassor akaizima mashine. Hija akafungua vitambaa. Alisema bismillahi kwa sauti ya kusikika, akaanza.

Mwanzo alikwenda sambamba na walivyouzoea. Khatib alianza kutikisa kichwa, akaacha. Hija akafika katikati, pale panapokimbia. Alipita. Hakujua mwenyewe kapitaje. Vidole vilikwenda kabla ya akili, uzi mmoja ukamkata na hakuhisi, na alipotokea upande wa pili aliona Jecha kafumba macho. Akamaliza na jasho linamtiririka shingoni.

— La ilaha illallah, — alisema Jecha. — Jini limehamia kwake.

— Kapiga kama wao! — alisema Nassor. — Wallahi, neno kwa neno!

Furaha ilimjaa Hija. Akamtazama Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa hamtazami. Kaokota jalada la santuri, lenye picha, lililokuwa juu ya benchi, akilisogeza karibu na uso kisha mbali, kwa macho ya uzee.

— Ndo hawa?

— Ndo wao, Bi, — alisema Nassor.

— Mbona ni mijitu mizima? — aliuliza. — Huyu ana masharubu. Huyu kipara chamuanza. Nlivyopita hapa juzi nliwasikia waimba kitoto. Kwa nini?

Picha ile walikuwa wameitazama wote, siku zote, wakasifu mashati na wakahesabu nyuzi za gita. Sasa walijipanga kichwa juu ya kichwa wakaitazama upya. Masharubu yalikuwapo. Khatib alisema labda ni baba zao. Jecha alisema labda ni jini ndilo lenye sauti nyembamba, lakini alisema bila nguvu.

— Nassor, — alisema Bi Kazija, — na hicho kidude ulichokifunga plasta?

Pembeni mwa mashine palikuwa na kijiti kidogo cha kusogeza, chenye namba, na Nassor alikifunga plasta siku aliyoinunua. Alieleza kwamba pale ndipo santuri zote za taarabu zinapokwenda sawa, na kwamba watoto wa nyumbani kwake wana mikono mingi. Hajakigusa tangu Mombasa.

— Kibandue.

Nassor alibandua, akaweka santuri, akakisogeza kijiti hatua moja nyuma, santuri ikapunguza mbio.

Likatoka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwanamume mzima, sauti nene, anaimba polepole kama mtu aliyekaa kizingitini na jambo linamsumbua. Gita likamfuata taratibu, likingoja amalize kupumua. Lilipofika pale katikati, lile gita la peke yake halikukimbia. Lilitembea. Kila uzi ulisikika ukipigwa na kila uzi uliachwa ufe wenyewe. Ulikuwa wimbo wa huzuni, na miezi yote hiyo Tumbe waliuchezea vidole vya miguu.

Nassor aliinamisha kichwa kwa aibu. Wengine hawakumcheka. Muziki ulikuwa mzuri mno kwa kicheko, tena mzuri kuliko ule wa kwanza, na Hija alihisi nywele zinamsimama upya. Bila kuambiwa alilichukua gambusi akawaingilia katikati ya wimbo. Sasa kulikuwa na nafasi. Alipiga chao, na pale wanaponyamaza akatia chake, vile vikorombwezo vya baba yake, na vikakaa kama kwamba vilikuwa vikingojwa. Watu wa Ulaya na mtu wa Tumbe wakaenda pamoja mpaka santuri ikaanza kukwaruza.

Bi Kazija alijipangusa jicho kwa ncha ya buibui.

— Ijumaa, baada ya laasiri, — alisema. — Njoo na gambusi. Bwana harusi mie nitasema naye. Nassor, mashine yako nzuri, lakini yasema ilichoambiwa tu.

— Ahsante, Bi, — alisema Hija.

Bi Kazija alilitia sawa pakacha lake akaenda zake. Hakufika mbali, akageuka, na safari hii alimtazama Hija mwenyewe, vile vidole vilivyokatika, na damu mbichi juu ya ule uzi.

— Hija, mwanangu. Hawa kumbe walikuwa wakenda polepole. Wee siku zote hizo ulikuwa wanfukuza nani?

Hija alitaka kucheka, akaona machozi yanatangulia, akainamia gambusi kama mtu anayekaza uzi.