Vilima vya Mkono wa Kushoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uchoraji katika chuo chetu cha ufundi, mwenzetu ambaye sote tunamwita Bi Ukungu anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi ni mwalimu wa useremala, jirani yake wa karakana, na fremu zake zote nimeziunda mimi. Nikimsifu kupita kiasi, mnivumilie.

Jina hilo hakulipata bure. Kila mandhari aliyochora ilikuwa na vilima vilivyopangana, miti myembamba isiyo na majani, na ukungu umelala bondeni. Alianza na vilima vya mbali kwa kijivu hafifu, akaja karibu huku akikoleza, hadi miti ya mbele ikawa nyeusi tititi. Mhasibu wetu aliwahi kumsihi aongeze jua kidogo kwenye picha ya ofisini. Alijibiwa kwamba jua lipo, liko nyuma ya kilima linavaa viatu. Mhasibu akainama kuchungulia.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja: rangi ya akriliki ikikauka hukolea, basi ijaribu kwanza kwenye karatasi, uisubiri. Mwenyewe alisahau mara moja, kwa haraka ya mahafali, na asubuhi aliyoichora kwenye pazia la jukwaa ikawa magharibi kabla wageni hawajaketi. Mgeni rasmi aliisifu sana jioni ile. Bi Ukungu alipokea pongezi kwa uso mkavu.

Mwaka juzi alipata kiharusi, na mkono wa kulia ukawa haumtii tena. Tulipokwenda kumjulia hali tulikuta brashi zake ameshazigawa. Alisema hatachora tena. Iliuma.

Dada yake ndiye aliyemrudisha karakanani. “Mdogo wangu,” alimwambia, “hata wa kushoto ni mkono.” Lakini mkono ule ulikwenda polepole, rangi ikawa inakauka kwenye sahani kabla haijafika kwenye turubai. Basi tukashika zamu, mhasibu naye akiwemo, tukakaa na chupa ya kupulizia maji tukiilowesha rangi naye akichora. Muhula mzima ukaishia hapo. Vilima vilitoka vimepinda, miti imeegemeana. Alitaka kuvifuta vyote kwa rangi nyeupe aanze upya, kisha akatazama kwa muda mrefu na kusema viachwe, kwani hata yeye siku hizi hutembea hivyo hivyo. Picha hiyo sasa imetundikwa mapokezi.

Kwa zawadi ya kumuaga tulifikiria kiti cha kupumzikia. Alikikataa kwa adabu, akaomba turubai. Fremu yake imenilazimu kung'oa mlango wa karakana ili itoke. Nilimwonya kwamba kwa mkono wa kushoto itamchukua miaka kuijaza. Akasema ndivyo anavyotaka.

Bi Ukungu, ahsante kwa yote. Tunakuombea miaka hiyo, yote.