Namba Inayojua Kurudi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja ukutani mwa duka la mbao, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na sanduku la Kisigino, fundi viatu, ambaye masikio yake hayana likizo. Asubuhi hiyo sindano ilikuwa inamchoma kila mara. Binti wa Mwalimu alikuwa anakuja kuamua kama baba yake aendelee kuja kijiweni peke yake. Juma lililopita mzee alipotea akirudi nyumbani, akakutwa sokoni ameketi juu ya gunia la mtu.

— Akija, mwonyeshe kichwa bado kinachemka, alisema Spika, dalali wa nyumba asiyejua kunong'ona, akimgeukia Mwalimu.

Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, akaomba chaki ya Kisigino, ile ya kuchorea soli. Akainama kwenye saruji, akaandika moja tisa zilizofuatana, 111111111, akasema atazizidisha kwa zenyewe. Akapanga mistari tisa ya moja, kila mmoja ukisogea kidogo kushoto kama ngazi, kisha akajumlisha safu kwa safu. Ikatoka 12345678987654321.

— Sasa isome kutoka kulia, alisema.

Kisigino akaifuata kwa kidole. Ilikuwa ile ile. Akarudia kutoka kushoto, maana hakuamini.

— Jumlisha tarakimu zake, alisema Mwalimu, unapata themanini na moja, tisa mara tisa. Na namba yenyewe ukiigawa kwa themanini na moja, haibaki hata chembe.

Spika akasema namba hiyo haikutengenezwa na watu, ilikuwapo kabla ya vidole vya kuhesabia. Muuza kahawa akampiku: hata mwezi unaifuata hiyo hiyo, ndiyo maana unajaa na kupungua kwa mpango. Kisigino hakuwa na nadharia. Aliona raha tu, raha ya mshono ulionyooka mwanzo mpaka mwisho, na alijivunia mzee wao.

Binti alikuwa amefika, amesimama nyuma yao. Akachuchumaa, akaisoma namba huku na huku, akatabasamu. Kisigino akajua wameshinda.

— Ni nzuri sana, baba. Na kurudi nyumbani, unapita wapi?

Mwalimu akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Mzee akaweka kidole juu ya ile tisa ya katikati.

— Mimi niko hapa, alisema taratibu. Kutoka hapa ni kushuka tu, mpaka kwenye moja.

Kisigino akafunga sanduku, viatu vya watu vikiwa bado havijaguswa, akamshika mzee mkono.

— Twende, Mwalimu. Wewe hesabu, mimi nitaangalia barabara.

Binti hakukataa. Aliwafuata nyuma, akijitahidi asiikanyage namba.