Gazeti la Ofisi ya Siri

Asubuhi, kwenye kivuko cha mto Lualaba, walisimama mbele yangu makarani wawili wa ofisi ya siri. Mji mzima wa Kindu unaujua mlango wao. Mrefu alimwambia mwenzake kwamba amemwomba mkubwa wao ruhusa ya kuanzisha gazeti la wafanyakazi.

Mfupi alicheka. "Gazeti, sitwayeni, raia mwenzangu? Sisi tunaitana kwa namba! Utaandika namba saba amezaa mapacha?"

"Njo vile, hivyo hivyo! Na namba tisa amekufa. Miaka nane tulikula muhogo sahani moja. Kifo chake nilijua siku walitoa kiti yake. Jina lake sijui, sasa kaburi yake nitauliza kwa jina gani?" Akamgeukia mfupi. "Na wewe, unaitwa nani?"

Mfupi alitutazama sisi abiria, nasi tukatazama maji. Kivuko kiligonga ng'ambo, akashuka wa kwanza.